Moshi Vijijini: Tupo kila mahali, nyumbani yupo nani?

Najua nimepotea wiki mbili nzima, mtanisamehe, majaribio yalikuwa yamenibana hadi shingoni. Leo nimemaliza la mwisho, umeme upo, mwenzangu wa chumba amelala, basi nimekaa kuandika kitu ambacho kimenikaa kichwani tangu tuliporudi kutoka nyumbani.

Ilianza hivi. Mwenzangu wa chumba ni mtu wa Tabora, na huu ndo mwaka wake wa kwanza kuishi Moshi. Jumamosi ile nikamwambia twende nyumbani Old Moshi akamsalimie bibi. Tukapanda gari hadi Kiboriloni, tukabadilisha, tukaanza kuupanda mlima. Njia nzima yeye anashangaa migomba tu. Tuliposhuka tukapita nyumba nzuri ya bati jekundu, geti lina kufuli. Ya pili vile vile, kufuli. Ya tatu kuna bibi anafagia uwanja, peke yake. Mwenzangu akasimama, akaniuliza: "Hivi nyie Wachaga, mpo Dar, mpo Mwanza, hadi kwetu Tabora mnauza spea. Sasa huku kwenu yupo nani?"

Nilicheka, lakini ukweli sikuwa na jibu. Nimezaliwa huku, nikasoma huku, na bado sikuwa na jibu! Kwa hiyo badala ya kusoma majaribio peke yake nikajikuta napekua historia ya wilaya yangu. Haya ndo niliyoyapata.

Tuanze na ramani, kwa wale wasiofahamu. Wilaya ya Moshi, ile tunayoiita Moshi Vijijini, imeizunguka Manispaa ya Moshi. Ukitoka mjini, iwe ni kuelekea Kibosho, Uru, Old Moshi, Himo au TPC, unaangukia kwetu. Ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 1,700. Lakini usiifikirie kama kitambaa kilichotandikwa chini, ifikirie kama ngazi. Chini kabisa kuna tambarare ya Kahe, Mabogini na Arusha Chini, mita 700 hivi kutoka usawa wa bahari, joto kali, miwa ya TPC na mpunga wa umwagiliaji uliojengwa kwa msaada wa Wajapani miaka ya 1980. Huko wapo Wakahe, Wapare, Wamasai na watu wa mikoa mingi waliokuja kufanya kazi, kwa hiyo msiseme Moshi ni ya Wachaga peke yao. Ukipanda unakuta ukanda wa migomba na kahawa: Kibosho, Uru, Old Moshi, Kirua, Kilema, Marangu, Mamba, Mwika. Juu ya hapo msitu, halafu hifadhi, halafu Kibo yenyewe, mita 5,895.

Ukanda wa katikati ndo kwetu, na huko mvua inazidi milimita 1,500 kwa mwaka wakati tambarare inalia ukame. Wazee hawakuridhika na mvua peke yake. Walichimba mifongo, mifereji inayochepusha maji ya mito juu kabisa na kuyashusha hadi kwenye migomba. Wajerumani walipofika waliikuta tayari inafanya kazi. Mfongo ulikuwa na ukoo ulioanzisha, zamu za kumwagia na siku za kuuzibua, na mtu asiyefika kwenye kuzibua alitozwa faini. Tukifundishwa darasani kuhusu misingi ya ushirika mi huwa najisemea, mbona haya bibi anayajua.

Halafu kuna kihamba. Hapa naomba mnisikilize vizuri maana ndo kiini cha jibu lenyewe.

Kihamba si shamba tu. Ni nyumba, migomba, kahawa chini ya migomba, magimbi na maharage chini ya kahawa, na juu ya vyote miti kama mringaringa na mgrevilea ya kutoa kivuli. Ng'ombe yupo bandani analetewa majani, mbolea yake inarudi kwenye migomba. Mpaka ni isale, ule mmea ambao ukimpelekea mtu uliyemkosea anatakiwa akusamehe. Na kwenye kihamba ndimo wanamozikwa watu wa nyumba hiyo. Kwa hiyo mtu akikuuliza "kwenu wapi" hataki jina la mtaa, anauliza kihamba chenu kipo wapi.

Mila inasema mtoto wa kiume wa kwanza anapewa kihamba chake, na yule wa mwisho anabaki kwa wazazi na kurithi nyumba. Wa katikati? Zamani walienda kuomba sehemu mpya kwa Mangi. Sehemu mpya zilikuwepo. Kumbukeni hilo.

Mangi walikuwa wengi, kila eneo na wake, na walipigana na kufanya biashara na misafara ya pwani. Huku Old Moshi alikuwepo Mangi Rindi, ambaye Wazungu walimwita Mandara. Alifariki 1891, akafuata mwanae Meli. Juni 1892 Meli aliwashinda Wajerumani vitani na kamanda wao, von Bülow, akafa. Mwaka uliofuata wakarudi na jeshi kubwa zaidi, wakamshinda. Tarehe 2 Machi 1900 wakamnyonga hapa hapa Old Moshi. Siku hiyo walinyongwa watu 19, wakiwemo Mangi Ngalami wa Siha na Mangi Molelia wa Kibosho. Inaelezwa kwamba kichwa cha Meli kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Mjukuu wake, mzee Isaria Meli, alikitafuta kwa miaka mingi sana. Septemba 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vya mafuvu waliyonayo vimepata ndugu walio hai huku kwetu, na fuvu moja likatambuliwa kuwa la Akida, mshauri wa Mangi Meli. La Meli mwenyewe halikupatikana. Yaani mtu wa kwanza wa Old Moshi kukaa ng'ambo bila kurudi nyumbani ni Mangi wetu. Sijui niseme nini zaidi.

Baada ya hapo Mjerumani akaleta reli. Reli ya kutoka Tanga haikuweza kupanda mlima, ikaishia tambarare mwaka 1911. Mji ukaota pale stesheni, nao ukachukua jina la Moshi. Sisi wa mlimani, wenye jina lenyewe, tukaanza kuitwa Old Moshi! Kwa hiyo ukimsikia mtu wa mjini anajidai, mwambie kwamba jina kaazima kwetu.

Wamisionari nao walikuwa wameshaingia. Wakatoliki walifungua Kilema mwaka 1890 wakaja na kahawa, Walutheri wa Leipzig wakaanzia Machame 1893. Kahawa ikaota vizuri chini ya migomba, na Mchaga akagundua anaweza kulipa kodi bila kwenda kuwa kibarua kwa setla. Masetla hawakupenda. Walitaka Mwafrika azuiwe kulima kahawa ya arabika, eti ataeneza magonjwa ya mimea. Mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao, KNPA, Joseph Merinyo akiwa miongoni mwa viongozi. Sheria ya ushirika ya 1932 ilipopita, chama kile kikageuka KNCU. Na kwa sababu ya mizizi hiyo ndo mwaka 1963 chuo cha ushirika kikawekwa hapa Moshi, ambacho tangu 2014 ni chuo kikuu kamili. Kwa hiyo wadau, mikopo yetu ya bodi inaliwa juu ya mgongo wa kahawa ya babu zetu, hehehe.

Hela ya kahawa ilijenga shule, na shule ikatoa makarani, walimu, manesi na wafanyabiashara. Hiyo ni sababu ya kwanza ya kuondoka: elimu. Ila kuna ya pili ambayo haisemwi sana, nayo ni ardhi.

Rudini kwenye wale watoto wa katikati waliokuwa wanapewa sehemu mpya. Juu, serikali za kikoloni zilitenga msitu, ukawa hauguswi, na mwaka 1973 ikaja Hifadhi ya Taifa. Chini na pembeni, masetla na misheni walishachukua mashamba makubwa. Kijiji kikabanwa katikati kama mkate. Sehemu mpya zikaisha. Kilichobaki ni kukata kihamba kile kile.

Niwape hesabu ya kwetu. Baba yake babu alikuwa na ekari kama nne. Wana wawili wakagawana, babu akapata mbili. Babu ana wana wanne. Nusu ekari kila mmoja. Baba yangu ana watoto watatu. Toeni kikokotoo mwenyewe, kwenye sehemu ya sita ya ekari utapanda nini, utajenga wapi, utazikwa wapi?

Halafu mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa yaliyokuwa yanashikilia bei ya kahawa yakavunjika, bei ikaporomoka. Bibi anasema ule ndo wakati vijana waliacha kuogopa kung'oa mibuni. Ndizi, maziwa na parachichi zikashika nafasi, lakini anayezihudumia ni nani? Bibi.

Sasa njooni kwenye takwimu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 466,737 Moshi Vijijini. Ya 2022 ikahesabu 535,803. Ongezeko la kama asilimia 15 kwa miaka kumi. Tanzania nzima ilitoka 44,928,923 hadi 61,741,120, asilimia 37! Mkoa mzima wa Kilimanjaro, kutoka 1,640,087 hadi 1,861,934, haukufika hata asilimia 14. Ukisoma haraka utasema mwenzangu wa Tabora kapatia, kwetu hakuna watu.

Lakini gawanya watu hao kwa zile kilomita 1,700. Unapata zaidi ya watu 300 kwa kila kilomita ya mraba, wakati wastani wa nchi ni kama 70. Na ndani ya zile kilomita kuna msitu na nyika ambako watu ni wachache, kwa hiyo ukanda wa migomba umejaa kuliko hesabu inavyoonyesha. Kwa hiyo jibu langu kwake ni hili: hatukuondoka kwa sababu kwetu kutupu. Tuliondoka kwa sababu kumejaa. Kufuli uliloliona kwenye geti si la mtu aliyetelekeza nyumbani, ni la mtu ambaye kipande alichopewa kinatosha nyumba na kaburi tu, shamba halipo, kazi ikabidi aifuate Tabora.

Na jambo lingine, sensa inafanyika Agosti. Ije ihesabu tarehe 25 Desemba uone! Stendi ya Mbezi pale Dar tiketi zinagombaniwa. Treni ya abiria ilirudi Moshi Desemba 2019 baada ya kusimama miaka mingi, na msimu ule ule ikajaa. Barabara ya Kidia inapata foleni, mbege inachachuka kila nyumba, mageti yote wazi, ubatizo, ndoa, vikao. Wiki mbili tu, halafu kufuli zinarudi.

Sasa niwaambie kwa nini haya yote yamenigusa hivi.

Jioni ile babu aliniita uwanjani, mwenzangu akiwa jikoni anafundishwa na bibi kumenya ndizi za mtori. Akasema, "Mama, Krismasi hii nataka nigawe. Nimechoka, nisije nikafa mkagombana." Nikamwitikia, "Sawa babu." Akaanza kuwataja: baba yangu, baba wadogo wawili wa Dar, na wa Mwanza ambaye ameshasema wazi kipande chake atakiuza. Halafu akataja wajukuu wa kiume. Sikusikia jina langu.

Sikumlaumu, mila aliyoikuta ndo hiyo. Hata tamko la sheria za mila la mwaka 1963 lilimweka binti daraja la mwisho kwenye urithi, na ardhi ya ukoo aitumie tu, asiuze. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema mila inayomnyima mwanamke ardhi haina nguvu. Hayo nayajua, nimeyajibia mtihani. Ila kusema mbele ya babu ni mtihani mwingine. Mi ndo niliye karibu. Kila Jumamosi nisipokuwa na kipindi napanda kukata majani ya ng'ombe, na msimu wa kuchuma kahawa vidole vyangu vinajulikana. Anayetaka kuuza anapewa, anayechuma hatajwi.

Nilikusanya nguvu nikasema, "Babu, na mimi je?" Akanyamaza muda mrefu. Kisha akacheka kidogo, akaniuliza, "Wewe si utaolewa, mama?" Nikamjibu, "Babu, hata nikiolewa, huyu ng'ombe atakatiwa majani na nani? Wa Dar?" Hakujibu. Aliinuka, akaenda kuangalia isale za upande wa chini, zile za mpaka na jirani, kama anahesabu.

Kikao cha ukoo ni tarehe 26. Nimemwambia baba kwa simu kwamba nataka kusema, naye akasema, "Utasema, mimi nitakuwepo." Sijui itakuwaje. Nikirudi chuo Januari nitawaeleza, iwe nimepata ama nimekosa.

Mwenzangu amegeuka kitandani ananiambia nizime taa. Ngoja nizime. Wenye kwenu mbali, safari njema za likizo. Wenye kwenu karibu, msisubiri Krismasi ndo mkamsalimie bibi.