Mguu wa Mtupaji katika Softiboli

Siku ya Shukrani ya mwaka 1887, katika klabu ya mashua ya Farragut mjini Chicago, vijana waliokuwa wakingoja matokeo ya mchezo kati ya Yale na Harvard walianza kufanya mzaha. Mmoja alirusha glovu ya ngumi, mwenziwe akaipiga kwa fimbo. George Hancock aliifunga glovu ile kwa kamba ikawa tufe, na ndani ya ukumbi ule mchezo ukazaliwa. Jina la softiboli lilikuja mwaka 1926.

Katika besiboli mtupaji hutupa mkono ukitoka juu, naye yu mbali na mpigaji kwa futi 60 na nusu. Katika softiboli mkono hupita chini, mpira ukaachwa karibu na nyonga, na umbali ni mfupi: wanawake wa vyuo vya Marekani hutupa kwa futi 43, wanaume kwa 46. Asidhani mtu kuwa mkono wa chini ni mkono dhaifu. Joan Joyce alimtaabisha Ted Williams, bingwa wa besiboli, mwaka 1961. Na mwaka 1967 Eddie Feigner aliwatoa wapigaji sita mashuhuri mfululizo, Willie Mays akiwa mmoja wao.

Sifa zote huupata mkono uzungukao kama pangaboi, lakini nguvu huanzia mguuni. Mguu mmoja hukikanyaga kibao cha mtupaji, hukisukuma, kisha ncha ya kiatu huburutwa mavumbini nyuma ya mwili unaokwenda mbele. Sheria ilitaka mguu huo usiachane na ardhi. Kosa lililochukiwa zaidi Wamarekani waliliita mruko wa kunguru, na aliyemtazama ndege huyo akidundadunda uani atalielewa mara moja. Mtupaji hukiacha kibao, hutua mbele yake, kisha husukuma mara ya pili kutoka pale alipotua. Huo ni wizi wa ardhi. Mpira uendao maili 65 kwa saa hupita futi 40 kabla nusu ya sekunde haijatimia. Kila hatua iliyoibwa humpunguzia mpigaji muda wa kuona.

Kuchupa ni jambo jingine. Miguu yote miwili huwa hewani, lakini hakuna msukumo mpya. Mguu hutua baada ya kazi yake kwisha. Hapa ndipo sheria ilipojikwaa. Katika mashindano ya kimataifa wanaume waliruhusiwa kuchupa, wanawake wakakatazwa, hata kitendo kile kile kikawa ufundi kwa kaka na kosa kwa dada. Adhabu haikuwa ndogo: mpigaji alihesabiwa mpira mbaya kwa faida yake, na kwa kanuni ya zamani wakimbiaji walisogezwa kituo kimoja bila jasho. Naye mwamuzi alitakiwa kuuona upenyo wa kidole kimoja chini ya kiatu, katikati ya vumbi. Mmoja aliuona mara nyingi, mwingine hakuuona kamwe, na msichana aliyejifunza mtindo mmoja tangu utotoni hakujua leo atahukumiwa na macho ya nani.

Mwaka 2023 NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, kiliruhusu miguu yote miwili kuwa hewani kuanzia msimu uliofuata. Kutua na kusukuma tena kuliendelea kukatazwa, na kunguru akabaki nje ya sheria.