Makato ya Benki Unapotoa Pesa Safarini: Hukmu Yake na Namna ya Kujihifadhi

BismiLlaah, na AlhamduliLlaah. Swalah na salaam zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam), aali zake na Swahaba zake.

Jamaa zetu wengi wa Unguja husafiri kwenda Makkah na Madiynah kwa Hajj na ‘Umrah, Maskati kuzuru ahali, Dubai kwa biashara na India kwa matibabu. Zamani msafiri alifunga dola kibindoni. Siku hizi wengi hubeba kadi ya benki, wakatoa pesa kwenye mashine ya ATM huko waendako. Wanaporudi na kuangalia taarifa ya akaunti, hukuta zimekatwa pesa zaidi ya walizotoa. Hapo huja maswali mawili: kwa nini zimekatwa, na je, ni ribaa?

MAKATO YANATOKA WAPI

Kwa kawaida makato ni ya aina nne, na si lazima yote yatokee kwa pamoja:

1. Ada ya benki yako. Baadhi ya benki hukata kiasi maalumu kwa kila unapotoa, nyengine hukata asilimia ya kiasi ulichotoa, na nyengine huchanganya yote mawili.

2. Ada ya benki yenye mashine. Hii mara nyingi huonyeshwa kwenye kioo kabla hujathibitisha. Ukiiona kubwa, una haki ya kughairi na kutafuta mashine ya benki nyengine.

3. Tofauti ya kiwango cha kubadilisha fedha. Shilingi zako hubadilishwa kuwa riyali au rupia, mara nyingi kwa kiwango cha mtandao wa kadi, kama Visa au Mastercard, na benki yako huweza kuongeza chake juu yake. Kwenye taarifa ya akaunti makato haya hayaonekani peke yake, kwa sababu yamo ndani ya kiwango chenyewe.

4. Kubadilishiwa na mashine yenyewe. Mashine hukuuliza: ukatwe kwa sarafu ya nchi uliyopo au kwa shilingi za Tanzania? Wengi huchagua shilingi kwa kuwa ndizo wanazozijua. Ukichagua hivyo, anayebadilisha ni mwenye mashine, kwa kiwango alichokipanga mwenyewe, na aghlabu huwa ghali zaidi. Chagua sarafu ya nchi uliyopo.

HUKMU YA KADI YA KAWAIDA

Kadi ya kawaida ya benki hutoa pesa zilizomo katika akaunti yako. Wanazuoni wengi wa zama hizi wanaona kuwa ada ya kutoa pesa hizo inajuzu, kwa sababu ni ujira wa huduma: mashine, mtandao, ulinzi, na kukufikishia mali yako mbali na kwenu.

Ili jambo hili lieleweke, turudi kwenye maana ya ribaa ya mkopo. Hiyo ni ziada inayoshurutishwa impate mkopeshaji. Akaunti ya kawaida kwa mtazamo wa fiqhi ni deni ambalo benki inadaiwa nawe. Wewe ndiye mkopeshaji. Hapa anayelipa ni wewe, na unacholipia ni kazi iliyofanyika. Aayah ya 275 ya Suratul-Baqarah imetenganisha baina ya biashara na ribaa, na ujira wa kazi halali hauingii katika ribaa.

Lakini ukiruhusiwa kutoa zaidi ya kilichomo katika akaunti, hiyo ziada ni mkopo, na hukmu yake ni ya kadi ya mkopo ifuatayo.

HUKMU YA KADI YA MKOPO

Kwa kadi hii unachotoa ni pesa za benki, utakazozilipa baadaye. Benki nyingi za kawaida huhesabu riba kuanzia siku ile ile unapotoa pesa taslimu, hata kama zinatoa muhula kwa manunuzi ya dukani.

Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Riyadh mwaka 2000, lilipitisha kuwa haijuzu kutoa wala kutumia kadi ya mkopo ambayo mkataba wake una sharti la riba, hata kama mwenye kadi amekusudia kulipa ndani ya muhula. Ama ada ya kutoa pesa kwa kadi isiyo na sharti hilo, inajuzu ikiwa ni kiasi maalumu kinacholingana na gharama halisi ya huduma, kisichofungamana na ukubwa wa mkopo wala muda wake. Kila kinachozidi hapo ni ribaa.

Kwa hiyo asilimia inayokatwa kwenye kadi ya mkopo si sawa na asilimia inayokatwa kwenye kadi ya kawaida. Hapa ziada inakwenda kwa mkopeshaji, na inakua kadiri mkopo unavyokua.

JE, KUBADILISHA SARAFU KWENYE MASHINE KUNASIHI?

Hadithi ya ‘Ubaadah bin Asw-Swaamit (Radhwiya Allaahu ‘anhu) katika Swahiyh Muslim inatufundisha kuwa dhahabu na fedha zikibadilishwa kwa jinsi tofauti, viwango vinaweza kutofautiana, ila makabidhiano yawe papo kwa papo. Wanazuoni wamezipa noti za leo hukmu hiyo. Shilingi na riyali ni jinsi mbili, kwa hiyo faida iliyomo katika kiwango si ribaa.

Na makabidhiano? Unapokea riyali mkononi na akaunti yako inakatwa. Baraza hilo hilo, katika kikao cha Jeddah mwaka 1990, lilikubali kuwa kuingizwa au kukatwa kiasi katika akaunti ni makabidhiano ya kihukmu.

KUKOPESHANA SAFARINI

Kadi ikigoma, mahujaji hukopeshana. Ni wema mkubwa, ila una mpaka wake. Aliyekopa riyali 500 anadaiwa riyali 500. Haijuzu kukubaliana tangu mwanzo kuwa akifika Unguja atalipa shilingi kadhaa zilizokwishapangwa, kwani hapo mkopo umegeuka kuwa ubadilishaji wa sarafu uliocheleweshwa. Siku ya kulipa, wakiridhiana, anaweza kulipa kwa shilingi kwa kiwango cha siku hiyo. Msingi wake ni Hadithi ya Ibn ‘Umar (Radhwiya Allaahu ‘anhumaa) aliyoipokea Abu Daawuud na wengineo, kuhusu kuuza kwa dinari na kupokea dirhamu.

KADI YA MZAZI, NA KADI YA MAREHEMU

Mtoto anayetoa pesa kwa kadi ya mama yake mgonjwa ni wakili wake. Atoe kwa idhini, kwa kiasi alichoagizwa, na ahifadhi risiti.

Mzazi akifariki huko huko, uwakala umekwisha. Namba ya siri aliyokupa si ruhusa tena. Mali sasa inangojea gharama za maziko, madeni na wasia, kisha ni haki ya warithi wote, pamoja na mjane na dada waliobaki nyumbani. Familia ngapi zimegombana kwa pesa zilizotolewa siku tatu baada ya mauti, hata kama zilitumika kwa maziko! Aliyelazimika kutumia zake kwa maziko aandike na ashuhudishe, kisha alipwe kutoka kwenye tirka. Mirathi ya Waislamu hapa kwetu hushughulikiwa na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana.

KABLA HUJASAFIRI

- Nenda benki yako uulize: ada ya kutoa pesa nje ni kiasi gani, ni kiasi maalumu au asilimia, na ukomo wa kutoa kwa siku ni upi. Waombe waifungue kadi kwa matumizi ya nje.
- Ikiwa ada ni kiasi maalumu, punguza idadi ya kutoa. Tuchukulie ni shilingi 10,000 kila mara: ukitoa riyali 300 mara sita utakatwa shilingi 60,000, ukitoa riyali 900 mara mbili, ni 20,000 kwa pesa zile zile. Ikiwa ni asilimia tupu, hesabu hii haisaidii.
- Riyali ya Saudia imefungwa kwenye dola kwa 3.75 tangu mwaka 1986. Anayebeba dola anajua takriban atapata nini. Shilingi yetu haijafungwa hivyo. Linganisha kiwango cha maduka ya kubadilishia fedha ya mjini na cha benki yako.
- Usitegemee kadi moja tu, wala pesa taslimu tu. Gawa.
- Zipo huduma za benki za Kiislamu, kama za Benki ya Watu wa Zanzibar na Amana Bank. Hata huko, soma masharti ya kadi kabla ya kutia saini.

Mwenye mas-ala yenye utata, khasa ya mkopo na mirathi, awaendee masheikh wake au Ofisi ya Mufti akiwa na mkataba wake mkononi, kwani hukmu hufuata masharti yaliyoandikwa.

Wa Allaahu A‘lam.