Mji Uliokaa Juu ya Mukuba

Watu wa mbali wakiutaja mji wetu wa Kolwezi, mara nyingi husema: huo si mji, ni kambi tu. Husema tena kwamba ulizaliwa mwaka 1937, wakati Union Minière du Haut-Katanga ilipoweka hapa makao ya machimbo yake ya magharibi, na kwamba kabla ya hapo palikuwa pori na wanyama. Hata sisi tulifundishwa hivyo shuleni, tukayaandika katika madaftari yetu bila kuuliza neno. Maneno hayo ni nusu ya kweli. Nusu ya pili ndiyo tunayotaka kuieleza hapa, maana mtu akisadiki kwamba anakaa kambini, hatauliza sana siku kambi itakapovunjwa.

Tuanze na nchi yenyewe. Kolwezi iko juu ya uwanda wa Manika, zaidi ya mita 1,400 juu ya bahari, na mto Lualaba unapita si mbali, upande wa mashariki. Nchi yote ni ya miombo. Lakini zamani, kabla mashine hazijafika, msafiri aliyepita msituni aliona ghafula vilima visivyo na mti hata mmoja, vimevaa majani mafupi na maua madogo ya rangi ya samawati. Miti haipendi udongo wenye mukuba. Maua yale huupenda. Basi wazee hawakuhitaji mwalimu wa mawe. Walipoona kilima kipara chenye maua yale, walijua kilichomo ndani.

Wafua mukuba wa kale katika nchi hii walikuwa Basanga, na baadaye Bayeke pia. Kazi yao ilikuwa na majira yake. Mtama ukiisha kuvunwa, karibu mwezi wa tano, mvua zikiwa zimekoma, mkuu wa wachimbaji aliwaongoza watu kwenda kilimani, wakajenga vibanda, wakakaa huko mpaka mvua ziliporudi. Wanaume walichimba mashimo, wanawake na watoto wakayachagua na kuyaosha mawe ya kijani mtoni. Tanuru ilijengwa kwa udongo wa kichuguu, moto ukawashwa kwa makaa, na wafua wakavuta mivukuto ya ngozi mpaka mukuba ukayeyuka na kushuka chini. Huo uliyeyushwa tena ukamwagwa katika kalibu, ukatoka umbo la msalaba.

Hapa wasomaji wetu watashangaa kidogo. Misalaba hiyo haikutoka kwa mapadre. Ilikuwako mamia ya miaka kabla ya mbatizwa wa kwanza wa Katanga. Mwaka 1957 na 1958 wataalamu walichimba makaburi ya kale pale Sanga, karibu na ziwa Kisale, wakaikuta imelazwa pamoja na wafu, mingine mikubwa, mingine midogo kama ukucha. Ilikuwa fedha yao. Kwa misalaba mtu alinunua, alilipa deni, alitoa mahari. Mwaka 1960 Katanga ilipojitangaza nchi, iliweka misalaba mitatu katika bendera yake, na mwaka 1961 ikaitia mmoja katika sarafu zake za franka, upande wa pili ndizi.

Monsinyori Jean-Félix de Hemptinne, Mbenediktini aliyeongoza Kanisa la Katanga tangu 1910 hata kufa kwake mwaka 1958, aliandika mwaka 1926 habari za wafua hao, akawaita walaji wa mukuba. Monsinyori huyu alikuwa mtu mgumu, na si wote wanaomkumbuka kwa furaha. Lakini jina hilo alilipokea kutoka kwa watu, nalo ni jina zuri. Kwetu kula si kutia kinywani tu. Mtu hula ufalme, hula mali, hula jasho lake. Walaji wa mukuba walikuwa watu wanaoishi kwa mukuba, na kila mmoja alijua fungu lake, la mfalme, la mkuu wa machimbo, la mfua, la watoto waliochagua mawe. Hatusemi kwamba fungu liligawanywa kwa haki daima. Twasema tu lilijulikana.

Karibu na katikati ya karne ya 19 alikuja M'siri, Msumbwa kutoka upande wa Unyanyembe, nchi ya Tabora. Baba yake, Kalasa, alikuwa amekwisha kuijua njia, kwa kuwa alifanya biashara ya mukuba. M'siri akapata nguvu ya bunduki, akajenga ufalme wa Garenganze na mji wake mkuu Bunkeya, ambao leo uko katika jimbo letu la Lualaba. Aliuza mukuba, pembe, chumvi na, lazima tuseme, watumwa. Misafara yake ilikwenda mashariki kwenye pwani ya Waswahili na magharibi mpaka Benguela. Ndiyo njia mojawapo ambayo Kiswahili kilifikia masikio ya watu wa huku kabla ya Mzungu. Tarehe 20 Desemba 1891 M'siri alipigwa risasi na kapteni Bodson, wa msafara wa Stairs uliotumwa kwa ajili ya mfalme Leopold. Naye Bodson akafa kwa jeraha. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mawe, Jules Cornet, alipita akiandika vilima vyenye mukuba kimoja kimoja. Kwa vilima vingi wenyeji walimwonyesha mashimo yao ya zamani. Hivyo ndivyo mukuba wa Katanga ulivyogunduliwa.

Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville mwaka 1910, na mukuba wa kwanza ukamwagwa huko mwaka 1911. Upande wetu ulingoja. Reli ya kutoka Tenke mpaka Dilolo, inayoungana na ile ya Benguela kuelekea bandari ya Lobito, ilikwisha mwaka 1931. Bila reli hiyo Kolwezi isingalikuwa mji. Baadaye yakaja mabwawa ya umeme juu ya Lualaba, Nzilo mwaka 1952 na Nseke miaka michache baadaye, na kiwanda cha Luilu mwaka 1960. Majina ya machimbo, Musonoi, Ruwe, Kamoto, Dikuluwe, Mashamba, yakawa majina ya mitaa na ya maisha ya watu.

Wafanyakazi walitoka wapi? Mwanzoni kampuni iliwaandika wanaume peke yao kwa miezi michache, nao walikufa wengi kwa magonjwa, au walitoroka. Karibu na mwaka 1928 ilibadili shauri. Ikaandika kwa miaka mitatu, ikaruhusu mke aje, ikajenga nyumba, hospitali na shule, ikagawa posho kila juma kwa hesabu ya watoto. Haikufanya hivyo kwa mapendo. Ilipiga hesabu ikaona kwamba mtu mwenye mke na watoto hukaa. Lakini Mungu huweza kutumia hata hesabu ya kampuni. Wakaja Baluba wa Kasai, Basonge, Warundi na Wanyarwanda, wakakaa ukuta kwa ukuta na Basanga, Balunda na Batshokwe. Mama wa Kasai na mama Mlunda walikutana bombani wakiwa na ndoo, na hakuna aliyejua lugha ya mwenzake. Kiswahili kikawa lugha ya bombani, kisha ya kazini, kisha ya kitandani, na watoto wakazaliwa nacho. Wasomi wa pwani hukicheka Kiswahili chetu. Na wacheke. Kilitulea.

Katika kambi hizo lilizaliwa jambo moja ambalo Kolwezi iliupa ulimwengu, mbali na mukuba. Padre Placide Tempels, Mfransiskani, alikuwa amekwisha kujulikana kwa kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu, kilichotoka Elisabethville mwaka 1945. Karibu na mwaka 1953 alikuwa hapa Ruwe. Yeye mwenyewe, baada ya kuhubiri miaka mingi, alianza kuwauliza wafanyakazi na wake zao: ninyi mnataka nini zaidi ya vitu vyote? Majibu yao yalikusanywa katika maneno matatu: uzima, uzazi, mapendo. Ndipo Jamaa ikaanza. Haikuwa chama chenye kadi wala kiti cha rais. Mume na mke walifundishwa pamoja, wakaitwa baba na mama, nao wakawazaa wengine katika mafundisho, nyumba kwa nyumba. Zingatia mahali. Mtu ambaye mchana kutwa ni namba katika daftari la kapita, jioni anaketi kando ya mke wake anaambiwa: wewe ni baba, una uzima wa kuwapa wengine.

Jamaa ilienea katika machimbo yote ya Katanga na Kasai. Padre Tempels alirudi Ubelgiji mwaka 1962, akafa huko mwaka 1977. Baadaye kulikuwa na mapotevu, vikundi vingine vikafundisha mambo ya siri, na maaskofu wakalazimika kukaza kamba. Hayo ni kweli, wala hatuyafichi. Lakini mtu anayesema kwamba Kolwezi haina utamaduni, ila pombe na mshahara, hajawahi kuketi na wazee wa Jamaa.

Vita tutavipita upesi, maana vimeandikwa sana. Katanga ilijitenga tarehe 11 Julai 1960, na Kolwezi ndipo mahali ilipofia: hapa Moïse Tshombe alikimbilia Januari 1963, askari wake wakiwa wametega baruti katika bwawa la Nzilo, na hapa alikubali mambo yaishe. Baruti haikuwashwa. Mwaka 1967 mali ya Union Minière ikawa ya serikali, na baada ya miaka michache tukazoea jina la Gécamines. Mei 1978 wapiganaji kutoka Angola waliushika mji, na siku ya 19 askari wa Ufaransa wakashuka kwa miavuli. Wazungu waliouawa walihesabiwa na kuombolezwa ulimwenguni kote. Waafrika waliouawa walikuwa wengi zaidi.

Jeraha lililo zito kwetu ni lingine. Mwaka 1992 na 1993 wanasiasa waliwasha maneno ya Mkatanga na Mkasai, na watu waliokunywa maji ya bomba moja miaka 60 wakafukuzana. Maelfu kwa maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walitolewa katika nyumba zao, wakalala kwenye vituo vya reli, Likasi na Kolwezi, wakingoja gari la moshi majuma na miezi. Watoto walikufa pale pale. Wengi hawakuwahi kuiona Kasai; walikuwa wanapelekwa kwao, mahali wasipopajua. Waliofukuza na waliofukuzwa walikuwa wamebatizwa katika makanisa yale yale. Sisi tunaofundisha dini tumejiuliza mara nyingi neno mapendo lilikuwa wapi mwaka ule, na hatujapata jibu la kuandika gazetini.

Wakati huo huo kampuni nayo ilikuwa inakufa. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa tani zaidi ya 470,000 za mukuba. Septemba 1990 sehemu ya chimbo la chini ya ardhi la Kamoto ikaanguka. Mwaka 1994 zilitoka tani 30,000 hivi. Mshahara ukakoma kwa miezi, kisha kwa miaka. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipewa malipo ya mwisho wakaambiwa kwaheri. Baba zetu walikuwamo. Sisi tulikuwa watoto, nasi tulijifunza neno jipya: kuchimba kwa mkono.

Tangu kanuni ya machimbo ya mwaka 2002, makampuni ya kigeni yameingia, ya Ulaya, ya Kanada, zaidi ya yote ya China, na mukuba unatoka kwa wingi ambao Wabelgiji hawakuuota. Tangu mwaka 2015 Kolwezi ni makao makuu ya jimbo la Lualaba. Tena ulimwengu unataka kobalti, lile jiwe jeusi, kwa ajili ya betri za simu na magari ya umeme, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia yatoka Kongo. Mwaka 2014, katika mtaa wa Kasulo, jiwe hilo lilionekana katika shimo lililochimbwa uani. Habari zikaenea. Kabla ya mwaka kupita watu walikuwa wanachimba ndani ya parseli zao, hata chini ya sakafu ya chumba cha kulala, mita 10, mita 20. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ikazungushiwa ukuta, watu mamia wakahamishwa. Katika Cité Gécamines vilevile nyumba zimevunjwa ili chimbo lipanuke. Hatusemi mukuba usichimbwe. Bila mukuba hatungezaliwa hapa. Tunauliza lile ambalo wafua wa zamani walilijua: fungu la nani ni lipi?

Mwaka huu, baada ya Pentekoste, tulikwenda Musonoi kumtembelea mama mmoja wa Jamaa, mjane wa mfanyakazi wa zamani. Alikuwa anaziba kwa udongo ufa wa ukuta uliopasuka kwa mtikiso wa baruti za chimboni. Kila juma, alisema, unafunguka tena. Alituonyesha namba ya nyumba juu ya mlango, rangi imefifia, akatutajia kwa mpangilio majirani wa mstari wote kama walivyokuwa mwaka 1970, na kabila la kila mmoja, na mtoto nani alibatizwa na padre gani. Kisha akanawa mikono, akatupa bukari na sombe. Tulipokuwa tunaaga aliuliza mafundisho ya ubatizo yataanza mwezi gani, maana ana wajukuu watatu wa kuandikisha, naye anataka kujua mapema kama wakati huo bado watakuwa wanakaa Musonoi.