Mwanasesere Aliyefungiwa Kabatini: Historia Fupi ya Kujifunza Uuguzi kwa Kuigiza

Barabara itokayo Same mjini kwenda Ndungu hupita Kisiwani na Maore, Milima ya Upare ikiwa upande mmoja na Hifadhi ya Mkomazi upande wa pili. Ukifika Ndungu unakutana na mashamba ya mpunga yanayonyweshwa na mradi wa umwagiliaji uliojengwa kwa msaada wa Japani mwishoni mwa miaka ya 1980. Mara ya mwisho nilikwenda huko kwa ajili ya msiba, wala sikuwa na nia ya utafiti wowote. Lakini mwalimu hubaki mwalimu hata msibani. Nilikaa karibu na mkunga mmoja wa makamo, anayefanya kazi katika kituo kimoja cha ukanda ule wa tambarare, na mazungumzo yetu yakaelekea kwenye kazi zetu.

Nilimweleza kwamba huku vyuoni tunajadili matumizi ya uhalisia pepe katika kufundisha uuguzi: mwanafunzi anavaa miwani maalumu, anaiona wodi na mgonjwa visivyokuwapo, anatoa huduma, na kompyuta inampa alama kama katika mchezo. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Mdogo wangu, sisi tunaye mwanasesere wa kujifunzia kumsaidia mtoto asiyepumua. Tulifundishwa naye siku moja huko mjini, tukapewa na vyeti. Sasa yumo kabatini, na ufunguo anao mkubwa wa kituo. Akisafiri, basi." Nilimuuliza ni lini alimshika kwa mara ya mwisho. Alifikiri kidogo, akanitajia mwaka.

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Mjadala wetu kuhusu teknolojia za kufundishia wauguzi na wakunga umejaa bei na majina ya vifaa. Historia ya vifaa hivyo inatufundisha kuuliza swali jingine: baada ya mafunzo, kifaa kinabaki wapi, kinashikwa na nani, na mara ngapi? Naomba nieleze kwa nini swali hilo ndilo linaloamua maisha na kifo.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1759 Mfalme Louis XV wa Ufaransa alimpa mkunga aliyeitwa Angélique du Coudray idhini ya kuzunguka nchi nzima akifundisha ukunga. Wanafunzi wake walikuwa wanawake wa vijijini, wengi wao wasiojua kusoma. Kwa hiyo alishona kwa nguo na ngozi umbo la kiuno na tumbo la mwanamke, pamoja na mtoto wa kitambaa, akaliita mashine yake. Mwanafunzi alimzalisha mtoto yule wa kitambaa mara nyingi, akiwa ametanguliza kichwa, kisha miguu, kisha akiwa amelala kimshazari, mpaka mikono yake izoee. Mama huyu alizunguka miji ya Ufaransa kwa zaidi ya miaka 20. Jambo ambalo wanahistoria wa teknolojia hawalisemi vya kutosha ni kwamba alisisitiza wakuu wa miji wainunue mashine hiyo ili ibaki nyuma yake, mafunzo yaendelee yeye akiwa ameondoka. Alifahamu kwamba mkono husahau.

Wala tusidhani kwamba kujifunza kwa umbo la kufinyanga ni jambo tuliloletewa na wageni. Hans Cory, mtaalamu wa elimu ya jamii katika serikali ya kikoloni ya Tanganyika, alichapisha mwaka 1956 kitabu kuhusu vinyago vya udongo vilivyotumika kufundishia vijana katika jando na unyago. Miongoni mwa jamii alizozieleza wamo Wasambaa na Wazigua, majirani zetu kabisa sisi wa Upare. Kila kinyago kilikuwa na wimbo wake na fundisho lake. Mafundisho yale yalihusu mwenendo na wajibu wa mtu mzima, hayakuwa tiba. Hata hivyo, kanuni yake ni ileile ya mashine ya du Coudray: mwanafunzi huona, hushika, huimba, hurudia, na mwalimu yupo hapohapo karibu naye.

Sasa tujiulize: mahali ambapo umbo la kujifunzia halikuwapo, mwanafunzi alijifunzia wapi? Alijifunzia kwenye mwili wa mgonjwa, na kwa kawaida mgonjwa huyo alikuwa maskini. Hospitali kubwa za Ulaya zilizozaa elimu ya kisasa ya tiba na uuguzi zilikuwa hospitali za watu wasio na uwezo wa kumwita daktari nyumbani. Shule ya uuguzi ya Florence Nightingale ilipofunguliwa katika Hospitali ya St Thomas, London, mwaka 1860, darasa lake kuu lilikuwa wodi. Huku kwetu, tangu miaka ya 1920, serikali ya kikoloni iliwapa vijana wa Kiafrika mafunzo mafupi hospitalini kisha ikawatuma vijijini kuendesha zahanati za utawala wa wenyeji. Wazee wetu waliwaita "dresa". Walifanya kazi kubwa kwa vifaa vichache, nami siwabezi. Lakini dresa aliyekosea mara ya kwanza alikosea kwa mtu, na mtu huyo hakuwa na mahali pa kulalamika.

Kwa mtazamo huu, mwanasesere wa kufundishia ni suala la haki kabla ya kuwa suala la teknolojia. Mwaka 1911 shule ya uuguzi ya Hospitali ya Hartford, Marekani, ilipata mwanasesere mwenye ukubwa wa mtu mzima, aliyetengenezwa na Martha Chase, mama aliyekuwa na kiwanda cha wanasesere wa watoto. Wanafunzi walimwita Bi. Chase. Walimgeuza, walimwogesha na kumvika, na matoleo ya baadaye yaliwawezesha kujifunza kuchoma sindano. Mwaka 1960 mtengenezaji mwingine wa vitu vya watoto, Åsmund Lærdal wa Stavanger, Norwei, alimtoa Anne, mwanasesere wa kujifunzia kumpulizia pumzi mtu aliyezimia. Kila kosa lililofanywa kwa Bi. Chase au kwa Anne ni kosa ambalo halikufanywa kwa binadamu.

Nchi yetu nayo ina somo lake katika historia hii, ingawa halikuhusu wanasesere. Mwaka 1973 serikali ya Tanzania iliendesha kampeni ya "Mtu ni Afya". Chombo cha teknolojia cha wakati huo kilikuwa redio. Kwa majuma 12, watu wazima wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi kusikiliza vipindi, kusoma vijitabu, kujadiliana, kisha kuchimba vyoo na kufyeka mazalia ya mbu. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walikuwa wameandaliwa kabla. Redio peke yake isingechimba choo hata kimoja. Kilichoifanya kampeni ile ikumbukwe ni kikundi, yaani watu wanaofahamiana, waliokutana mahali pao, kwa ratiba, na kufanya kwa mikono yao kile walichokisikia.

Kwa historia hiyo yote, hatukupaswa kushangaa yaliyotokea Haydom. Haydom ni hospitali ya Kilutheri katika Mkoa wa Manyara, iliyoanzishwa na wamisionari wa Norwei mwaka 1955. Mwaka 2010 wahudumu wake walipata mafunzo ya siku moja ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua, kwa kutumia mwanasesere mdogo anayejazwa maji ili awe na uzito wa mtoto halisi. Msingi wa mafunzo hayo ni "dakika ya dhahabu": mtoto asiyepumua anatakiwa kusaidiwa ndani ya dakika moja baada ya kuzaliwa, akaushwe, asisimuliwe, na ikibidi apuliziwe hewa kwa mfuko na barakoa.

Watafiti waliwapima wahudumu hao miezi kadhaa baadaye. Mbele ya mwanasesere walikuwa hodari kuliko mwanzo. Lakini watafiti hawakuishia hapo, waliangalia pia yanayotendeka chumba cha kujifungulia, na huko utendaji haukuwa umebadilika kama ilivyotarajiwa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013, nami nawaheshimu waliokubali kuyachapisha. Katika nchi inayopenda picha za kufunga semina, ni watu wachache wanaothubutu kusema kwamba semina haikufika wodini.

Kisha Haydom wakabadili utaratibu. Mwanasesere aliwekwa palepale pa kazi, na wahudumu wakafanya naye mazoezi ya dakika 3 hadi 5 kila wiki, pamoja na marudio marefu zaidi kila mwezi. Kwa mujibu wa utafiti uliochapishwa mwaka 2015, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Hospitali ileile, mwanasesere yuleyule. Kilichoongezeka ni dakika chache za kurudia.

Mbegu hiyo ikakua. Mpango wa Safer Births ulipeleka utaratibu wa mazoezi mafupi ya mara kwa mara kazini katika vituo 30 vya mikoa mitano: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Wahudumu wa vituo hivyo waliandaliwa kuwa wakufunzi wa wenzao, na takwimu za kituo zilitumika kuamua ni nini cha kufanyia mazoezi. Kwa upande wa kutoka damu nyingi baada ya kujifungua, mkufunzi huvaa kifaa tumboni akaigiza kuwa mama, naye mkunga huzungumza naye kama anavyozungumza na mzazi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2025 katika jarida la tiba la New England. Vifo vya watoto kabla na mara baada ya kuzaliwa vilipungua kutoka takriban 15.3 hadi 12.5 kwa kila uzazi 1,000. Vifo vya akina mama vilishuka kutoka takriban 240 hadi 60 kwa kila uzazi 100,000. Yamefanyika Tanzania, yamefanywa na wauguzi na wakunga wa Tanzania, katika vituo vyenye upungufu uleule tunaoufahamu.

Je, nasema basi tuitupe miwani ya uhalisia pepe na michezo ya simu? Hapana. Mafunzo ya uhalisia pepe ya kumsaidia mtoto kupumua yamekwisha kujaribiwa kwa wauguzi na wakunga wa Lagos, Nigeria, na Busia, Kenya. Lakini tuangalie jinsi yalivyotumika: washiriki walifundishwa kwanza kwa mwanasesere, kisha teknolojia ikaja kuwasaidia wasisahau. Simu inaweza kumkumbusha mkunga mpangilio wa hatua akiwa zamu ya usiku peke yake. Haiwezi kumfundisha mkono wake namna barakoa inavyokaa juu ya uso mdogo bila kuvujisha hewa. Anayenunua miwani akamwacha mwanasesere kabatini amenunua kivuli akaacha mti.

Liko pia onyo ninalotaka kuwapa wanaharakati. Mazoezi hayazai damu ya kuongezewa, hayaleti dawa ya kuzuia damu, wala hayamwongezi mkunga wa pili katika zamu yenye mkunga mmoja. Serikali isije ikaligeuza somo hili kuwa fimbo ya kumchapia muuguzi, kwamba mama amekufa kwa kuwa wewe hukufanya mazoezi. Mazoezi ni haki ya mhudumu kabla hayajawa wajibu wake.

Nirudi Upare. Wazee wetu waliishi kwa ndiva, yaani mabwawa madogo ya kukinga maji ya mlimani. Maji hujikusanya usiku, asubuhi ndiva hufunguliwa, na kila mwenye shamba hupata kwa zamu yake. Tope likijaa, hupigwa mbiu ya msaragambo na kila kaya hutoa mtu wa kulizoa. Ndiva isiyofunguliwa haimnufaishi mtu, na isiyozolewa tope hufa. Ujuzi wa kuokoa maisha una tabia hiyohiyo. Hauwekwi akiba kwa semina moja na cheti ukutani.

Kwa hiyo nawaomba watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu, hasa mlio katika halmashauri, mambo matatu yasiyohitaji mfadhili. Kwanza, mwanasesere atoke kabatini akae karibu na chumba cha kujifungulia, na ufunguo, kama ni lazima uwepo, uwe kwa kiongozi wa zamu. Pili, dakika 5 za mazoezi kila wiki ziandikwe katika ratiba ya zamu, na mhudumu mmoja atajwe kwa jina kuwa msimamizi wake. Tatu, barakoa na vipuri vya mwanasesere viingizwe katika mpango kabambe wa afya wa halmashauri, kama zinavyoingizwa glovu. Kinachowafanya wakubwa wa vituo wafungie vifaa ni hofu ya kuulizwa kilipoharibikia. Mkaguzi wa mali akifika, asiulize tu kama mwanasesere yupo. Aulize alitumika lini.

Nanyi wanafunzi wa uuguzi, mkikuta chuoni kwenu kuna chumba cha mazoezi kinachofunguliwa siku ya wageni tu, dai leni ufunguo kwa adabu, lakini dai leni. Mtu wa kwanza mtakayemkosea asiwe mtoto wa mkulima wa mpunga wa Ndungu.

Yule mkunga nimemwahidi kwamba nitamtumia makala haya. Siku miwani ile itakapofika kituoni kwao, naomba imkute mwanasesere wake amechakaa kwa kushikwa.