Mcheza Kwao Hutunzwa: Vyama vya Ngoma vya Mitaani katika Historia ya Dar es Salaam



Utangulizi

Katikati ya mwaka 1955, John Hatch wa Chama cha Leba cha Uingereza aliitembelea Dar es Salaam, akawauliza viongozi wa TANU swali moja jepesi: tawi la wanawake liko wapi? Chama kilikuwa kimeasisiwa tarehe 7 Julai 1954, na tawi hilo halikuwapo. Aliyekabidhiwa kazi ya kuliunda ni Bibi Titi Mohamed, mzaliwa wa mjini aliyekuwa hajatimiza miaka 30. Kwa mujibu wa uchunguzi wa Susan Geiger, kufikia Oktoba mwaka huo wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamejiandikisha.

Je, jambo hili liliwezekanaje ndani ya miezi michache? Vitabu vingi hulijibu swali hili kwa kutaja kipaji cha Bibi Titi na mvuto wa wazo la uhuru. Majibu hayo ni sahihi, lakini hayatoshi. Mhadhara huu unashikilia kwamba wanawake wa Dar es Salaam hawakusubiri kufundishwa na chama cha siasa namna ya kujipanga. Walikuwa wamekwisha kujipanga katika mitaa yao, na shule yao ilikuwa ngoma.

Mtaa na Wakazi Wake

Kariakoo, ambayo jina lake linatokana na kambi ya kikosi cha wapagazi wa Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ndiyo iliyokuwa kitovu cha maisha ya Waafrika mjini. Nyumba zake nyingi zilikuwa za Kiswahili: vyumba vimetazamana, ukumbi katikati, uani nyuma na baraza mbele. Mwenye nyumba na wapangaji wake walishirikiana uani, nao huenda walitoka makabila manne tofauti. Aidha, mji ulikuwa ukikua kwa kasi: kutoka wakazi wapatao 69,000 katika sensa ya 1948 hadi zaidi ya 128,000 katika ile ya 1957.

Katika mazingira kama hayo, mgeni asiye na ukoo karibu alihitaji watu wa kumwuguza akiugua na kumzika akifa. Msemo wetu wa "kufa na kuzikana" hauzungumzii mapenzi tu, bali unaeleza wajibu wa kijamii. Kwa hiyo, aliyejiunga na kikundi cha ngoma alipata zaidi ya burudani, maana alijipatia ndugu.

Ngoma kama Chama

Mtindo huu ulikuwa na historia ndefu. Terence Ranger, katika kitabu chake cha 1975 kuhusu ngoma ya beni, ameonesha jinsi ngoma hiyo ilivyoanza katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ikaenea bara hadi mbali. Mashindano ya Marini na Arinoti yalijulikana katika miji mingi, na kila upande ulikuwa na vyeo vyake, sare zake na michango yake. Watawala wa kikoloni waliitilia shaka, baadhi yao wakihofia kwamba nyuma ya gwaride lile la mchezo palikuwa na njama. Hofu yao ilikosea shabaha, ila waliuona ukweli mmoja: watu wanaoweza kukusanya fedha na kutii kiongozi waliyemchagua wenyewe wanaweza mengi.

Wanawake nao walikuwa na vikundi vyao, vikiwamo vya lelemama. Bibi Titi mwenyewe alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi kilichoitwa Bomba. Tutazame basi kazi za kikundi cha namna hii: kupokea kiingilio, kutunza fedha, kukubaliana juu ya sare, kupeleka habari nyumba kwa nyumba, kusuluhisha ugomvi. Hizo ndizo kazi za tawi la chama cha siasa. Hivyo basi, Bibi Titi alipowaendea viongozi wa ngoma na kuwaomba wawalete wanachama wao, hakuanza na mtu mmoja mmoja. Kila kiongozi alikuja na watu wake.

Kulikuwa na sababu nyingine. Waraka wa serikali wa mwaka 1953 uliwakataza watumishi wa umma kujiunga na vyama vya siasa, na wengi wa wanaume waliosoma walikuwa makarani na walimu wa serikali. Mwanamke aliyeuza vitumbua, samaki wa kukaanga au pombe hakuwa na mwajiri wa kumfukuza. Udogo wa biashara yake ulimpa uhuru ambao karani hakuwa nao.

Hatupaswi, hata hivyo, kuvipamba vikundi hivi kupita kiasi. Ushindani wao ulizaa uhasama, na gharama za sare ziliwaelemea maskini. Lakini hata ushindani huo ulifundisha kitu: kwamba heshima hupatikana mbele ya majirani, kwa matendo yanayoonekana. Ndiyo maana ya methali isemayo mcheza kwao hutunzwa.

Hitimisho

Baada ya uhuru mambo yaligeuka. Umoja wa Wanawake wa Tanganyika uliundwa mwaka 1962, nchi ikawa ya chama kimoja mwaka 1965, na mfumo wa nyumba kumi kumi ukauingiza mtaa ndani ya chama. Kile kilichokuwa kimepanda kutoka uani kwenda juu kikaanza kushuka kutoka juu kwenda uani. Historia iliyoandikwa ikafuata mkondo huohuo: tawi likapata jalada, ngoma haikupata.

Hapa ndipo penye wajibu wetu. Geiger aliweza kuandika kwa sababu katika miaka ya 1980 aliketi na wanawake hao akawasikiliza, na Bibi Titi alifariki mwaka 2000. Msichana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1955 leo, kama yu hai, ana umri wa miaka 90 au karibu na hapo. Majina ya vikundi, maana ya vyeo, misamiati ya michango na ya mafumbo imo vichwani mwa wazee wachache, nayo ni mali ya taaluma ya Kiswahili kama ilivyo mali ya historia. Nawasihi wanafunzi waliomo ukumbini humu: kabla ya kwenda kwenye nyaraka, nendeni kwanza barazani.