Kilometa za Mwisho

Ndugu msikilizaji, mtu wa Buhigwe akiaga kwamba anakwenda Dar es Salaam, watu humpa pole kwa umbali. Mimi naona pole hiyo ingemngoja mbele ya safari, atakapokuwa amekwisha kufika jijini.

Wajerumani walianza kujenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914, kilometa zipatazo 1,250. Enzi za Mwingereza reli hiyo iliwabeba vijana wa Kiha kwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge. Haikuwa hisani, waajiri walihitaji nguvu zao. Hata hivyo, aliyefika mwisho wa reli alishuka jirani na bandari, na Kariakoo aliifikia kwa miguu yake.

Baadaye jiji lilitanuka kufuata barabara za Bagamoyo, Morogoro, Pugu na Kilwa. Shirika la UDA liliundwa mwaka 1974, lakini mabasi yake hayakutosha. Mwaka 1983 watu binafsi wakaruhusiwa kubeba abiria kwa nauli ya shilingi 5, sarafu iliyoitwa dala, na ndipo tukapata daladala. Tunazilaumu kwa fujo, lakini bila hizo wafanyakazi wengi wasingefika kazini.

Sasa tutazame stendi. Zamani mabasi ya mikoani yalifika Kisutu na Mnazi Mmoja, katikati ya mji. Mwishoni mwa miaka ya 1990 yakahamishiwa Ubungo, kiasi cha kilometa 10 kutoka Posta. Mwaka 2021 yakapelekwa Mbezi Luis, kiasi cha kilometa 20. Sababu iliyotolewa ni kupunguza msongamano, na msongamano upo kweli. Ninachouliza ni hiki: mbona anayesogezwa pembeni ni abiria aliyebanana na wenzake hamsini, huku gari dogo lenye mtu mmoja likiachiwa barabara mpaka mjini?

Nasema hivi nikimfikiria mgonjwa wa rufaa kutoka Buhigwe anayekwenda Muhimbili. Amekesha njiani zaidi ya kilometa elfu moja. Akishuka Mbezi, hospitali bado iko mbali, mizigo iko mkononi, na teksi inataka fedha alizoziweka kwa ajili ya dawa.

Dawa ya tatizo lenyewe tunaijua. Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza mwaka 2016, yalipewa njia yao wenyewe, na wengi wakaonja nafuu. Treni ya umeme ya Dodoma, iliyoanza mwaka 2024, humshusha abiria katikati ya jiji, kama ile ya Mjerumani. Basi kabla hatujapanua tena barabara kwa ajili ya magari madogo, tuhakikishe kwamba basi la kumtoa mgonjwa yule Mbezi hadi Muhimbili lipo, linatosha, na lina njia yake.

Kwa leo naishia hapo.