Jua, Kimo na Pembe: Historia ya Picha za Kutoka Angani

Ufundi wa kupiga picha kutoka angani una umri wa zaidi ya miaka 160. Droni, yaani ndege ndogo isiyo na rubani ambayo wengi nchini Tanzania huiita ndege nyuki, imeufikisha mikononi mwa mpiga picha wa harusi na mwanafunzi wa chuo, lakini kanuni zinazoitenga picha nzuri na mbaya zilikwisha kugunduliwa zamani, moja baada ya nyingine na mara nyingi kwa hasara, na watu waliopanda maputo, waliorusha tiara na walioning'inia ubavuni mwa ndege za vita. Taabu yao moja, yaani kamera kutikisika, mashine za leo zimeimaliza kwa kiasi kikubwa. Mambo matatu hayajamalizwa na mashine yoyote, nayo ni mahali lilipo jua, kimo cha kamera juu ya ardhi, na pembe ambayo lenzi inaitazamia ardhi hiyo.

Wa kwanza kufaulu alikuwa Mfaransa Gaspard-Félix Tournachon, aliyejulikana kwa jina la Nadar, ambaye mwaka 1858 alipanda puto karibu na Paris akiwa na kamera na chumba cha giza cha hema, kwa kuwa mabamba ya kioo ya siku hizo yalipakwa dawa na kusafishwa yakiwa bado mabichi. Majaribio yake ya mwanzo yalitoa mabamba meusi matupu, na ilimchukua muda kutambua kwamba gesi iliyokuwa ikivuja kutoka shingoni mwa puto ndiyo iliyoharibu dawa ya mabamba. Picha zake za mwaka huo zimepotea, hivyo picha kongwe ya angani iliyosalia ni ile ya mji wa Boston, Marekani, iliyopigwa na James Wallace Black kutoka kwenye puto mwezi Oktoba 1860.

Puto lilikuwa ghali na lilifuata matakwa ya upepo, ndiyo maana wabunifu walitafuta njia ya kuipandisha kamera bila mtu. Mwaka 1888, katika mji mdogo wa Labruguière kusini mwa Ufaransa, Arthur Batut alifunga kamera kwenye tiara na kuifyatua kwa utambi uliowashwa kabla tiara haijapaa. Huko Ujerumani, Julius Neubronner aliwafunga njiwa kamera ndogo vifuani, jambo lililowafurahisha watazamaji wa maonyesho kuliko lilivyowasaidia wachora ramani, kwa sababu njiwa hachagui anachokipiga. Aliyekwenda mbali zaidi ya wote katika njia hiyo ni Mmarekani George Lawrence, ambaye wiki chache baada ya tetemeko la ardhi la Aprili 1906 aliipiga San Francisco iliyoteketea kwa kamera yenye uzito wa kilo 22 hivi, iliyoinuliwa na msururu wa tiara 17 hadi kimo kinachokaribia mita 600. Ili kamera isiyumbe, Lawrence aliitundika kwenye fremu ya miti mirefu ya mianzi iliyovutwa chini na uzito wa risasi. Alipiga wakati jua likizama, hivyo kuta zilizosalia hazikuonekana kama rundo moja la kijivu bali zilichomoza kutoka katika vivuli vyake zenyewe.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia iliugeuza ufundi huo kuwa kazi ya kiwandani. Majeshi yalihitaji kujua mahandaki ya adui yalipo na yana kina gani, kwa hiyo picha mshazari, yaani ile inayopigwa kamera ikiwa imeinama na kuonyesha upeo au sehemu ya mbali, iliwekwa kando kwa sehemu kubwa na nafasi yake ikachukuliwa na picha wima, ambayo lenzi huelekezwa chini moja kwa moja. Hapo ndipo ilipokomaa desturi ya kupishanisha picha, maana yake kila picha kurudia sehemu kubwa ya ardhi iliyomo katika picha iliyotangulia, hadi asilimia 60 baadaye ikawa kipimo cha kawaida. Picha mbili zinazopishana zikitazamwa kwa stereoskopu, chombo kinacholipa kila jicho picha yake, vilima huinuka na mashimo huzama mbele ya mtazamaji. Programu zinazotengeneza ramani kutokana na picha za droni hutumia kanuni hiyohiyo, ingawa hesabu iliyofanywa na macho sasa hufanywa na kompyuta.

Kuhusu mwanga, somo kubwa zaidi halikutoka kwa wapiga picha bali kwa wachunguzi wa mambo ya kale. O. G. S. Crawford, mwanaakiolojia wa idara ya ramani ya Uingereza aliyeshirikiana na Alexander Keiller kuchapisha kitabu cha picha za eneo la Wessex mwaka 1928, alionyesha kwamba mipaka ya mashamba ya kale ambayo mtu angeikanyaga bila kuiona hujitokeza wazi kutoka juu wakati jua liko chini, kwa kuwa hata mwinuko wa kiganja kimoja hutupa kivuli kirefu. Katika jangwa la Syria, kasisi Mjesuiti Antoine Poidebard aliitumia mbinu hiyo kufuatilia barabara na ngome za Warumi, na kitabu chake cha mwaka 1934 kinaonyesha jinsi alivyochagua saa na mwelekeo wa kila safari, mara nyingine akipiga huku amelikabili jua, kinyume kabisa na ushauri aliopewa kila mwanagenzi wa kamera wa zama hizo.

Kanuni ya Crawford, hata hivyo, haiwezi kuhamishiwa Afrika Mashariki bila hesabu mpya, na hilo ni jambo ambalo vitabu vya mafunzo vilivyoandikwa Ulaya hulipita kimya. Kusini mwa Uingereza jua la adhuhuri mwishoni mwa Desemba halipandi zaidi ya nyuzi 16 hivi, kwa hiyo siku nzima hufaa kwa picha za vivuli. Katika Unguja jua hukifikia kimo hicho kwa muda unaozidi kidogo saa moja baada ya kuchomoza, kisha huendelea kupanda. Katika nyuzi 16, msingi wa ukuta uliobaki sentimita 20 juu ya ardhi hutupa kivuli cha sentimita 70, ilhali saa sita mchana kivuli hicho hufupika sana. Anayetaka kuonyesha misingi ya nyumba za mawe katika magofu ya Songo Mnara, pwani ya kusini ya Tanzania, ana saa moja ya asubuhi na saa moja ya jioni, na anayefika saa nne amechelewa, kamera yake iwe ya thamani gani.

Katika kanda hii, ndege ya kwanza iliyotoa picha zenye sifa kubwa ilikuwa ya rubani Mswisi Walter Mittelholzer, aliyeruka juu ya Kilimanjaro Januari 1930 na kukipiga kilele chake cha Kibo pamoja na tundu lake lenye duara ndani ya duara. Picha zake ni mshazari, na ndivyo ilivyopasa, kwa maana mlima ukipigwa wima hupoteza urefu wake na kubaki doa jeupe. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Mfaransa Yann Arthus-Bertrand, aliyekuja Masai Mara kuwachunguza simba, alijifunza huko kupiga picha akiwa katika puto la hewa moto, ufundi uliomfikisha mwaka 1999 kwenye kitabu chake maarufu cha picha za dunia kutoka angani.

Kazi kubwa zaidi, hata hivyo, haikufanywa na wasanii. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Uingereza iliunda mwaka 1946 idara ya upimaji wa makoloni chini ya Martin Hotine, nacho Kikosi cha 82 cha Jeshi la Anga kikatumwa Afrika na ndege za Lancaster, zilizoundwa kubeba mabomu, ambazo kufikia mwaka 1952 zilikuwa zimepiga picha eneo la zaidi ya maili za mraba milioni moja, Kenya ikiwamo. Ndege yenye lenzi ya milimita 152 ikiruka kwa kimo cha takriban mita 4,570 hutoa picha ya skeli ya 1:30,000, ambamo sentimita moja ni mita 300 za ardhi. Ikipanda, eneo linaongezeka na vitu vidogo vinapotea. Marubani hao, waliozuiwa na mawingu msimu wa mvua na moshi wa nyika wakati wa kiangazi, walijifunza kungoja, na kungoja ndiko kulikokula siku zao nyingi. Ramani za awali za kina za sehemu kubwa ya Afrika Mashariki zilitokana na picha za namna hiyo, zilizopigwa kwa mahitaji ya utawala wa kikoloni, bila wakazi wa maeneo hayo kuulizwa.

Droni ilileta mabadiliko ya gharama na ya uthabiti. Kampuni ya DJI ya Shenzhen, Uchina, iliyoanzishwa mwaka 2006, ilitoa droni yake ya Phantom mwaka 2013, na muda mfupi baadaye ikaambatisha gimbali, yaani fremu yenye mota ndogo zinazoisahihisha kamera kila chombo kinapoyumba, kazi ambayo Lawrence aliifanya kwa mianzi na risasi. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, kwa msaada wa Benki ya Dunia na ushiriki wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ilianza kupima Unguja na Pemba kwa droni zenye mabawa, na picha zake zilifikia uwazi wa sentimita 7 za ardhi kwa kila nukta ya picha, kipimo ambacho Lancaster isingekikaribia.

Kazi ya ramani ya namna hiyo inadai jua tofauti na lile la Crawford, kwa sababu vivuli virefu huficha paa na njia. Lakini jua likiwa utosini bahari huwa kioo, na mng'ao wake huangukia katikati ya picha wima na kufuta matumbawe yaliyo chini ya maji. Kwa fukwe za visiwani, basi, saa zinazofaa ni zile za katikati ya asubuhi, kabla upepo haujachafua maji, na za katikati ya alasiri.

Picha za idara ya Hotine zimehifadhiwa leo Edinburgh, Uskoti, katika hifadhi ya taifa ya picha za angani, na pembezoni mwake pameandikwa namba ya safari ya ndege na tarehe. Mtafiti wa Kenya au Tanzania anayetaka kujua ukanda wa mikoko au ukingo wa mji ulikuwa wapi miaka 70 iliyopita anaweza kuziomba huko, na akirusha droni yake ili kulinganisha, inampasa aichague tarehe ya msimu uleule na aielekeze lenzi wima kama zilivyokuwa lenzi za Lancaster.